Nyumba za kubanana kwenye mbuga za Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu hawa lazima wapate pa kulala, na mimi sina ugomvi na magorofa wala viwanja vidogo. Ninachopinga ni kuwabananisha kwenye mbuga za udongo mweusi, yaani tambarare zinazotuamisha maji ya mvua, na kando ya makorongo, tena kwa hoja ambazo ukizipima hazisimami.

"Maeneo oevu ni mambo ya pwani."
Wengi wakisikia ardhioevu huwaza mikoko ya Rufiji. Lakini Bahi ipo hapa hapa mkoani Dodoma: mto Bubu unaingia kwenye kinamasi chake na hauendi baharini, na watu wanalima mpunga na kuvua kambale. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 kwenye mto Kinyasungwe Ndogo. Maji ya Kinyasungwe yakivuka Gulwe huingia mto Mkondoa, kisha mto Wami, mpaka Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Kwa hiyo hata mwenye kujali mikoko tu ana sababu ya kutazama tunachokifanya huku juu.

"Korongo hili limekauka miaka mingi, maji hayarudi."
Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana inagusa maji tunayokunywa. Dodoma hupata mvua ambayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambako vipimo vya kina cha maji vimewekwa tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo vinaonyesha jambo ambalo kila mnunuzi wa kiwanja angepaswa kulijua: akiba ya chini ya ardhi haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Inashuka miaka kadhaa mfululizo, halafu msimu mmoja wa mvua kubwa unaipandisha kwa kishindo. Msimu wa Elnino wa 1997/98 ndio uliojaza kuliko yote katika kumbukumbu hizo. Na maji hayo hupenya zaidi pale mito ya msimu inapopita na kutandaa, kwenye michanga ya makorongo yale yale tunayoyaona makavu.

Maana yake ni hii: bonde linaloonekana halina kazi miaka minane linasubiri mwaka wa tisa. Ukilifunika kwa paa, zege na ua za matofali, mwaka huo ukifika maji yatakosa pa kuzama na yataingia sebuleni. Hasara inakuja mara mbili, mafuriko leo na visima vilivyopungua kesho.

"Tutamwaga kifusi, tutainua msingi."
Kifusi hakiondoi maji, kinayasukuma kwa jirani. Na ule udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyufa za kuta mnazozipaka rangi kila mwaka zinaanzia huko chini.

Tena kuna vyoo. Nyumba zikibanana mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, kila moja na shimo lake, kinachotoka shimoni kinaingia kisimani. Si hofu tupu: tangu miaka ya 1990 watafiti waliopima maji ya visima vya Dodoma walikuta naitreti (kemikali inayochafua maji) nyingi, wakataja maji taka kuwa chanzo.

"Kiwanja kiko nje ya mita 60, kwa hiyo ni salama."
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa, maziwa na bahari. Hicho ni kiwango cha chini cha kulinda kingo. Mbuga tambarare haina kingo. Maji yake yanaweza kutandaa mbali zaidi ya hapo. Dalali atakupeleka Septemba. Nenda mwenyewe Februari, uwaulize wazee wa mtaa maji hupita wapi.

"Mnaopinga mnawanyima wanyonge makazi."
Naichukua shutuma hii kwa uzito, kwa sababu viwanja vya bondeni ndivyo vya bei nafuu. Lakini tazameni Dar es Salaam, Desemba 2011: mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na familia za Bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Walioumia si matajiri. Dodoma bado ina miinuko mingi yenye udongo mgumu. Huko ndiko jiji lijenge nyumba za ghorofa za bei ya chini, karibu na barabara na mabomba, na mbuga ziwekewe alama kwenye ramani za mipango miji kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa. Alama hizo zibandikwe pia kwenye ofisi ya mtaa, ili mama anayetaka kulipa akiba yake azione kabla hajasaini.