Kamati ya Bunge haigawi maduara

"Dada, wabunge wanafika Alhamisi. Tuandikie barua, Kamati imwondoe yule mwekezaji."

Simu hii naipokea kila msimu wa ziara. Ya wiki iliyopita ilitoka kwa mwenyekiti wa kikundi kimoja huku Geita. Kazi yangu ni kuwaandikia wachimbaji wadogo barua na taarifa, na kulieleza jambo hili kwa mdomo nimechoka.

Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini haitoi leseni, haifuti leseni, haipimi bikoni, zile alama za mipaka ya eneo. Mgogoro wa mipaka au wa nani anachimba wapi, mwamuzi wake kisheria ni Tume ya Madini. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku hizo zinahesabika huku nyinyi mnasubiri basi la wabunge. Mkitangulia mahakamani nako, Kanuni za Bunge zinawazuia wabunge kujadili jambo linalosubiri uamuzi wa Mahakama. Chagueni mapema.

Kinachonikera hasa ni neno "yaagiza". Jioni redio inasema "Kamati yaagiza wachimbaji warejeshewe eneo", asubuhi watu wanaingia na sururu, mchana polisi nao wanaingia. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Mwenyekiti wa Kamati akisimama juani na kusema "tunaelekeza", anamsemesha Naibu Waziri aliye ubavuni pake, si wewe uliye nyuma ya utepe. Naibu Waziri anajibu "tumepokea". Jamani, kupokea! Hata karani wa masjala anapokea. Elekezo la Kamati litaingia kwenye taarifa yake, taarifa itasomwa Dodoma, Bunge likiridhia linakuwa azimio, na hapo ndipo Serikali inadaiwa majibu. Kufikia siku hiyo duara, shimo lenu la kuchimbia, limeshajaa maji.

"Mbona 2017 mawaziri walitoka?" Zile zilikuwa kamati maalumu za Spika Ndugai, moja ya almasi na nyingine ya tanzanite. Nazo zilichunguza, zikaikabidhi Serikali taarifa. Waziri mmoja na naibu waziri mmoja wakajiuzulu. Kamati haikumfukuza mtu.

Kamati si refa kati yako na mwekezaji. Inaihoji Serikali. Lalamiko lisiloonyesha Serikali imekosea wapi halina pa kushikwa.

Rasimu ya kikundi kile ilianza hivi: "Tunaomba Kamati imfukuze mwekezaji na kuturudishia maduara yetu 14." Nikaifuta. Nikaandika: "Tuliwasilisha lalamiko kwa Afisa Madini Mkazi, likapigwa muhuri wa mapokezi. Miezi minane imepita bila jibu. Tunaomba Kamati ipate maelezo ya Wizara kuhusu ucheleweshaji huu." Mwenyekiti akaguna: "Dada, umeipoza." Sijaipoza, mzee wangu. Ile ya kwanza mbunge ataitikia kwa kichwa na kuikunja. Hii ya pili anaweza kumgeukia afisa na kumuuliza hapo hapo, faili liko wapi?

Halafu kuna kupeleka kilio mlango usio wake. Ushuru wa huduma ni wa halmashauri. Kama sheria ndogo ya halmashauri imepindishwa, kuna Kamati ya Sheria Ndogo. Kodi ni Kamati ya Bajeti, Muswada wa Sheria ya Fedha unapojadiliwa. Mnaikumbuka 2019? VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliwatoka wachimbaji wadogo kwa sababu Bunge lilibadilisha sheria zenyewe. Kilio kilisikika Januari mbele ya Rais, Februari muswada ukapita. Ziara za Kamati pekee zisingefuta hata senti.

Sasa niseme kinachonitia aibu. Nimewahi kuandaa taarifa ya kurasa 14, viambatisho na ramani, ikalala. Ziara ile ile, mama mmoja muuza chai wa mwaloni, pale panapooshwa mchanga wa dhahabu, akapaza sauti kuhusu barabara ya kwenda kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe, na greda likaja wiki hiyo hiyo. Labda ni kamera. Labda mkurugenzi aliona haya. Sina kanuni ya kueleza hilo, ndiyo maana siwakatazi watu kupiga kelele. Nawaambia tu wapige wakiwa na karatasi mkononi.

Jana jioni nikampigia mwenyekiti kuuliza kama nakala yenye muhuri iko tayari. Kimya kidogo. Kisha: "Dada, ile alibaki nayo katibu."

"Na katibu yuko wapi?"

"Kuna rashi Chunya, dhahabu mpya imetoka. Ameondoka juzi."