Maria alipokubali: mahali pa kuanzia kabla ya kubishana

Habari yote ya Maria kuitwa na kukubali kuwa mama wa Yesu imo katika aya 13 tu, Luka 1:26 hadi 38. Aya hizo husomwa na Wakatoliki wa Kibuye mjini Kisumu, Waanglikana wa Maseno, Marafiki (Quakers) wa Kaimosi, Waadventista wa Gendia, hata waumini wa kanisa la Legio Maria kule Got Kwer. Hakuna anayezikataa. Ndiyo sababu nawaambia makatekista na viongozi wa vijana kwamba mjadala kuhusu Bikira Maria usianzie kwenye rozari wala sanamu. Uanzie hapa. Anayeanzia kwenye rozari ameanzia mwisho, na kwa kawaida huishia kubishana juu ya jambo ambalo mwenzake hakulisema.

Mimi ni Mkatoliki, na sitajifanya kuwa sina upande. Lakini naamini kwamba tofauti zetu zinaweza kuelezwa kwa namna ambayo hata asiyekubaliana nami ataona ametendewa haki.

Someni kifungu kwa sauti, polepole, kisha mkilinganishe na miito mingine ya Biblia. Musa anaitwa katika Kutoka 3 na 4, Gideoni katika Waamuzi 6, Yeremia katika sura yake ya kwanza. Mpangilio unafanana: ujumbe kutoka kwa Mungu, pingamizi la anayeitwa, ahadi ya Mungu kuwa pamoja naye, ishara. Musa anamaliza kwa kuomba atumwe mtu mwingine. Gideoni anataka ngozi ya kondoo ijaribiwe mara mbili. Yeremia anasema yeye ni mtoto, na jibu lake la kukubali haliandikwi. Isaya ndiye anayejitolea waziwazi, “Mimi hapa, nitume mimi.” Maria anauliza swali moja, anajibiwa, kisha anasema: “Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana, na iwe kwangu kama ulivyosema.” Luka anaifunga habari kwa neno hilo na malaika kuondoka.

Hapo hapo msiruke Zakaria. Aya chache nyuma, naye aliuliza, akafanywa bubu. Wahubiri wengi hukwama: mbona mmoja aliadhibiwa na mwingine hakuadhibiwa? Tazameni maswali yenyewe. Zakaria anasema, “Nitajuaje neno hilo?” Anataka uthibitisho kabla ya kuamini, na malaika anamwambia wazi kwamba hakuyasadiki maneno yake. Maria anasema, “Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?” Yeye anauliza njia. Hakuomba ishara, ingawa alipewa: Elisabeti, aliyeitwa tasa, yuko mwezi wa sita. Na katika 1:45 Elisabeti anamwita heri “aliyesadiki”. Kwa hiyo Luka mwenyewe ametueleza kukubali kule ni kitu gani: ni imani. Mkatoliki na Mprotestanti wanaweza kutia sahihi hapo bila shida.

Kukubali kwenyewe kulikuwa na gharama. Maria alikuwa ameposwa, na uchumba wa Wayahudi haukuwa ahadi ya kuvunjwa kwa mdomo. Mjaluo anayeijua ayie, hatua ya mwanzo ya mahari, atauelewa upesi: familia zimekwisha kukutana, mahari imeanza kutoka, watu wanamhesabu binti kuwa mke wa mtu ingawa harusi ya kanisani bado. Kwa Wayahudi hali hiyo ilivunjwa kwa talaka tu, ndiyo maana Mathayo 1:19 inasema Yusufu alikusudia kumwacha kwa siri. Sheria ya Kumbukumbu la Torati 22:23-24 iliweka adhabu ya kupigwa mawe kwa binti aliyeposwa akipatikana amelala na mwanamume mwingine mjini. Msomaji asiyejua hayo atadhani Maria alikubali heshima. Alikubali pia kushukiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo mahubiri yetu hulipoteza mara nyingi. Malaika hakutumwa kwa baba yake Maria, wala kwa Yusufu, wala kwa wazee wa Nazareti. Katika jamii ambayo mambo ya binti yaliamuliwa na wanaume wa nyumbani, Mungu alisema na binti mwenyewe, akaulizwa swali, akalijibu. Inanisikitisha kusikia kifungu hiki kikitumiwa kuwaambia wasichana wanyamaze na wakubali lolote wanaloamuliwa. Maria hakunyamaza. Na muda mfupi baadaye anaimba kwamba Mungu “amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, wanyonge amewakweza.” Jambo jingine la kuangalia: msitaje umri wa Maria kana kwamba umeandikwa. Injili haiutaji. Majina ya wazazi wake, Yoakimu na Anna, nayo hayamo katika Biblia. Yanatoka katika maandiko ya karne ya 2 yanayojulikana kama Injili ya Yakobo. Ukiyataja, sema yalikotoka, kwa sababu Mprotestanti aliyejiandaa atakuuliza aya.

Sasa tofauti. Swali la kwanza ni hili: je, Mungu alikuwa akisubiri jibu? Mprotestanti wa mapokeo ya Calvin atakuonyesha kwamba malaika hakuuliza swali lolote. Alisema “utachukua mimba na kuzaa mtoto mwanamume.” Ni tangazo; neema ya Mungu inatenda, na imani inapokea. Mkatoliki atakuonyesha kwamba malaika haondoki mpaka Maria ajibu. Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alihubiri kana kwamba ulimwengu wote umesimama ukingoja neno la binti huyu. Thomas Aquinas akaandika kwamba Maria alikubali kwa niaba ya wanadamu wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, unasema Maria hakuwa chombo kilichotumiwa tu, bali alishiriki kwa hiari katika wokovu kwa imani na utii. Neno “alishiriki” ndilo linalowatenga watu. Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, katika ufafanuzi wake wa utenzi wa Maria wa mwaka 1521, alimheshimu sana, lakini alikaza kwamba sifa yote ni ya Mungu aliyeutazama unyonge wake. Maria hakuuleta unyonge huo kama malipo.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinasoma kitu kilichomo kweli katika maandishi. Ambacho Waprotestanti wengi hawaambiwi ni kwamba Wakatoliki pia wanasema neema ilitangulia. Ndiyo maana ya fundisho la Kukingiwa Dhambi ya Asili, lililotangazwa na Papa Pius wa 9 tarehe 8 Desemba 1854: Maria aliweza kukubali kikamilifu kwa sababu Mungu alikuwa amemkinga tangu alipotungwa mimba, kwa mastahili ya Kristo. Unaweza kulikataa fundisho hilo kwa kuwa halimo wazi katika Biblia, na Waorthodoksi pia hawalipokei kwa namna hiyo, ijapokuwa wanamheshimu Maria sana. Lakini huwezi kusema linafundisha kwamba Maria alijiokoa. Kosa linalorudi kila Desemba, hata kwa Wakatoliki wenyewe, ni kulichanganya na Maria kumchukua Yesu mimba akiwa bikira. La kwanza linahusu Maria tumboni mwa mama yake. La pili linahusu Yesu, na sherehe yake, ile ya Maria kupashwa habari, huadhimishwa tarehe 25 Machi, miezi 9 kamili kabla ya Krismasi. Ikiangukia Juma Takatifu husogezwa. Mwaka 2024 iliadhimishwa tarehe 8 Aprili.

Jina “Mama wa Mungu” halipaswi kutugawa kama linavyotugawa. Lilithibitishwa na Mtaguso wa Efeso mwaka 431, na bishano la siku hizo, kati ya maaskofu Nestorius wa Konstantinopoli na Cyril wa Aleksandria, lilikuwa juu ya Yesu: je, aliyezaliwa na Maria ni yule yule Mungu Mwana, au ni mtu aliyeungana naye? Elisabeti tayari alisema “mama wa Bwana wangu”. Anayelikataa jina hilo na aulizwe kwanza anaamini nini kuhusu Kristo.

Suala la ndugu zake Yesu nalipita haraka. Marko 6:3 inawataja Yakobo, Yose, Yuda na Simoni. Wapo waliosema ni watoto wa Maria na Yusufu, wapo waliosema ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya awali (Waorthodoksi wanashika hili), na Hieronimo, mwishoni mwa karne ya 4, alitetea kwamba ni jamaa wa karibu. Luther na Zwingli, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti, walishikilia kwamba Maria alibaki bikira daima, jambo ambalo huwashangaza Waprotestanti wa leo. Kukubali kwa Maria hakuongezeki wala kupungua kwa jibu lolote kati ya hayo.

Zito zaidi ni upatanishi. Mpentekoste atakusomea 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja, na ana haki ya kuisoma. Mkatoliki asikimbie aya hiyo, kwa sababu hati ya mwaka 1964 yenyewe inaianza mada hii kwa kuinukuu. Maaskofu wenyewe walivutana: tarehe 29 Oktoba 1963 walipiga kura kama habari za Maria ziwe hati ya peke yake au sura ndani ya hati ya Kanisa, na waliotaka sura ndani ya Kanisa wakashinda kwa kura 1,114 dhidi ya 1,074. Maana yake ni kwamba Maria anatazamwa akiwa ndani ya Kanisa, mbele ya waamini wenzake, si kando yake. Novemba 2025 Vatikano ilikwenda mbali zaidi ikasema kwamba kumwita Maria “Mkombozi Mwenza” hakufai, kwa sababu kunafunika upekee wa Kristo. Katekista ambaye bado anatumia jina hilo aliache.

Lakini nikiangalia mabishano ya huku kwetu, naona kwamba mara nyingi Maria si mzizi. Mzizi ni hali ya wafu. Msabato anaamini kwamba wafu wamelala mpaka ufufuo. Mhubiri 9:5 inasema “wafu hawajui neno lo lote”. Kwake, kumwambia Maria “utuombee” ni sawa na kusema na mtu asiyesikia, hata kama angekuwa mtakatifu namna gani. Mkatoliki anaamini walio katika Kristo wako hai mbele zake, na anasoma Ufunuo 5:8, ambapo wazee mbinguni wameshika maombi ya watakatifu. Mnaweza kubishana juu ya Maria usiku kucha msifike popote, kwa sababu hamjagusa swali hilo.

Sala yenyewe inaonyesha mpaka ulipo. Nusu ya kwanza ya “Salamu Maria” ni Luka 1:28 na 1:42, maneno ya malaika na ya Elisabeti. Nusu ya pili, kuanzia “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee”, ni ombi la Kanisa, na umbo lake la sasa liliwekwa katika kitabu cha sala cha Roma mwaka 1568. Mwanglikana anayeitikia nusu ya kwanza na kunyamaza ya pili hadharau chochote. Anajua mahali anapoishia.

Legio Maria pia wasichanganywe. Legio ya Maria ya Wakatoliki ni chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn mwaka 1936. Legio Maria ni kanisa linalojitegemea, lililozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na waumini wake wanaamini kwamba Maria aliwajia Waafrika katika sura ya mama mzee. Hilo ni dai la ufunuo mpya, na linajadiliwa kwa vigezo vingine kabisa.

Sasa matanga, ambapo makanisa haya yote hukaa chini ya hema moja. Rozari ya matendo matano ina Salamu Maria 53, na ikiongozwa na nyimbo huchukua karibu nusu saa. Kosa ni kuianza ghafla, wageni wakiwa wamekaa katikati, kisha kuwatazama wasioitikia. Kiongozi atangaze mapema saa ya rozari, na kabla yake kuwe na somo la wote: Luka 1:26-38 lisomwe na mtu wa kanisa lolote, kisha utenzi wa Maria, 1:46-55, ambao Waanglikana wanaujua kutoka Sala ya Jioni. Tumieni tafsiri moja, iliyochapishwa au kwenye simu, la sivyo wasomaji watapishana katika kila aya. Mahubiri yawe dakika 10 na yakae juu ya imani ya Maria, bila kugusa maombezi. Baada ya hapo rozari ianze, na anayetaka kusogea asogee bila kuulizwa. Ikiwa marehemu hakuwa Mkatoliki, familia ndiyo iamue, na jumuiya iridhike na somo na utenzi.