Kimbunga "Kimeshuka" Daraja, Nani Kakwambia Bahari Imeshuka?

Simu ya tisa usiku ule ilikuwa ya mwandishi wa habari. Mbele yangu kulikuwa na picha ya setilaiti: jicho, kile kitovu tulivu cha kimbunga, limeanza kuchafuka kwa mawingu, na nje ya ukuta wake wa mawingu mazito kuna duara la pili la mvua kubwa linajifunga polepole. Alikuwa na swali moja tu: "Tuandike kimeshuka daraja?" Nikamwambia andika kimetanuka. Akasema hilo halina namba. Asubuhi kichwa cha habari kikatangaza kwamba kimbunga kimepungua nguvu.

Nimelijibu swali hilo kwenye simu mpaka sauti imenikauka. Leo naliandika.

Daraja la Saffir-Simpson, kile kipimo cha vimbunga cha 1 hadi 5, linapima kitu kimoja: upepo mkali kuliko wote ndani ya kimbunga, wastani wa dakika moja, mita 10 juu ya ardhi. Upepo huo unaweza kuwa kwenye kipande kidogo tu cha ukuta wa jicho. Mvua haimo. Ukubwa wa kimbunga haumo. Bahari haimo. Zamani jedwali lilitaja pia mgandamizo wa hewa na kimo cha maji, lakini kuanzia msimu wa 2010 Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kikaviondoa, kwa sababu namba na maji vilikuwa havipatani. Watu wanaendelea kulisoma kana kwamba bado vimo. Na huko Marekani kwenyewe, kati ya 1963 na 2012, takriban vifo tisa katika kila kumi vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vililetwa na maji, si upepo.

Sasa nirudi kwenye lile duara la pili, maana ndilo linalonikosesha usingizi.

Kimbunga kikali chenye jicho dogo mara nyingi hujenga ukuta mpya nje ya ule wa kwanza. Ukuta mpya unaukatia wa ndani hewa yenye unyevu, na wa ndani unakufa. Wakati wa kupokezana huko upepo wa kilele hushuka, daraja nalo hushuka, na watu wanaanza kufungua mabegi waliyokwisha kufunga. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu: upepo mkali sasa umeenea eneo kubwa zaidi la bahari. Aliyekuwa anakusukuma kwa kidole sasa anakusukuma kwa mgongo mzima. Kidole kilikuwa kinauma zaidi, sawa, ila mgongo ndio utakaokuangusha.

Tena bahari haina haraka ya kusahau. Tarehe 28 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilikuwa daraja la 5, upepo kama kilomita 280 kwa saa. Kesho yake kilitua Louisiana kikiwa daraja la 3. Maji kiliyokuwa kimeshayakusanya hayakupata taarifa hiyo: Pass Christian, jimboni Mississippi, yalipanda kama mita 8.5. Camille cha 1969 kilipiga pwani hiyohiyo kikiwa daraja la 5 na maji yake hayakufika hapo. Wapo waliobaki majumbani mwao mbele ya Katrina kwa hoja kwamba nyumba ilisimama wakati wa Camille.

Anayetaka mfano mkali zaidi aweke Charley na Ike pamoja. Charley, 2004, Florida: daraja la 4, kimbunga kidogo cha umbo, maji kama mita 2. Ike, 2008, Texas: daraja la 2, kipana kupindukia, na kwenye rasi ya Bolivar maji yalifika kati ya mita 4.5 na 6. La pili lililishinda la nne zaidi ya mara mbili. Ukishaona hivyo, nieleze "ni daraja la 2 tu" maana yake nini.

Umbo la sakafu ya bahari nalo lina neno. Chukua beseni pana lenye maji ya kina cha kidole, upulize kutoka upande mmoja: maji yanajirundika ukingoni kwa sababu chini hakuna nafasi ya kurudi. Fanya hivyo kwenye ndoo iliyojaa na utachoka bure. Pwani yenye maji mafupi yaendayo mbali ni beseni. Mgandamizo kushuka huinua maji takriban sentimita moja kwa kila hektopaskali (kipimo cha mgandamizo), si kitu ukilinganisha na upepo. Kisha uliza kama ni maji kujaa au kupwa, na kama ni bamvua. Basi.

Haya, nami nikiri yangu. Ile namba ya upepo tunayoitangaza kwa uso mkavu mara nyingi ni makisio. Pasipo ndege ya kuingia ndani, tunasoma maumbo ya mawingu kwa mbinu ya Dvorak, na wachambuzi wawili wazuri wakiangalia picha moja wanaweza kutofautiana. Halafu tunachora mpaka kati ya kilomita 177 na 178 kwa saa na kuuita daraja jingine.

Kupanda ghafla ndiko kunakotuaibisha zaidi. Tarehe 24 Oktoba 2023 asubuhi, Otis ilikuwa dhoruba ya kitropiki nje ya pwani ya Meksiko. Usiku huohuo, muda mfupi baada ya saa sita, ilipiga Acapulco ikiwa kimbunga cha daraja la 5. Modeli za kompyuta hazikuliona hilo. Maji ya moto, hewa yenye unyevu, upepo wa juu uliotulia: sababu tunaziorodhesha vizuri sana, baadaye.

Na maji yenyewe ninayowapigia kelele, nayo hunigeuka. Mwaka 2022 hofu ya awali ya kimbunga Ian ilielekezwa Tampa, Florida. Kikatua zaidi ya kilomita 100 kusini. Fort Myers Beach ikafunikwa na maji ya mita 3 hadi 4.5, na kule Tampa upepo ukavuma kutoka nchi kavu, ghuba ikakauka hadi watu wakatembea juu ya tope lake.

Nimewahi kumwambia mama mmoja ahame, nyumba yake ikiwa mita mbili juu ya bahari. Akahama. Kimbunga kikapinda, maji hayakufika hata kwenye ngazi ya mlango. Msimu uliofuata nilimpigia tena, hakupokea.