Je, wajua kwa nini samaki mla magugu hupimwa damu kabla ya kuingizwa bwawani?

Ukitaka kutia karpi mla majani kwenye bwawa lako huko Florida, Marekani, lazima kwanza upate kibali cha jimbo, na samaki mwenyewe awe tasa aliyethibitishwa kwa kipimo cha damu. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilicheka. Samaki hazai, kazi yake kula magugu, kibali cha nini tena? Nilidhani pia kwamba utasa huo unatokana na kuhasiwa, au na jeni kuchezewa maabara. Nilikosea mara mbili, na kosa la kwanza ndilo kubwa.

Historia yake ni fupi. Asili yake ni mito ya mashariki ya Asia. Marekani ilimwingiza mwaka 1963 asafishe mabwawa, akatoroka, na leo anazaliana hata katika mto Sandusky unaomwaga Ziwa Erie. Majimbo mengi sasa yanaruhusu tasa tu. Michigan haimtaki kabisa, na Arkansas bado inamkubali hata anayezaa.

Sasa utasa wenyewe. Karpi wa kawaida ana kromosomu 48, yaani jozi 24 za nyuzi zinazobeba urithi ndani ya kila seli. Zichukulie kama doti 24 za khanga, kila doti na ua lake. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, hukata kila doti katikati: kipande huku, kipande kule. Kila upande huondoka na vipande 24, hakuna ua lililokosekana wala lililozidi.

Yai lililokwisha kupata mbegu lina seti moja ya ziada ya kromosomu za mama, ambayo kwa kawaida hulitupa nje. Kabla halijaitupa, wafugaji huyatia mayai kwenye silinda ya chuma na kuyabana kwa shinikizo kubwa. Seti ile hukwama ndani. Anayezaliwa ana kromosomu 72: kila ua, vipande vitatu. Hakuna kisu wala jeni ya kupandikizwa.

Kukua hakumpi taabu, kwa sababu kukua ni kudurufu tu; fundi mwenye vipande 72 hushona vingine 72 kwa kufuatiza. Taabu huja siku ya kugawana. Vipande vitatu kwa watu wawili: mmoja atapata kimoja, mwenzake viwili, na ndivyo hivyo kwa maua yote 24. Mgawo ukienda kwa bahati nasibu, uwezekano wa mtu kuondoka na hesabu iliyo sawa kwa kila ua ni kama mara moja katika milioni nane. Hiyo ni hesabu ya karatasi na kalamu. Seli halisi zina fujo zake, na huyo "tasa" huweza kutoa mbegu kidogo, ila ni nadra sana kufaa kitu.

Kwa macho huwezi kumtofautisha na ndugu yake anayezaa. Ndiyo maana hupimwa damu: kiini cha seli ya damu kinachobeba seti tatu ni kikubwa kwa nusu zaidi. Mfugaji hupima samaki mmoja mmoja, kisha wakaguzi wa serikali kuu huchukua 120 na kurudia. Akionekana hata mmoja wa kawaida, kundi zima limekataliwa.

Lakini kumzuia asizae si kumfunga mdomo, na hapo ndipo kicheko changu kilipokwisha. Katika bwawa la Lake Conroe, Texas, walitiwa karpi 270,000 mwaka 1981 na 1982 ili wapunguze gugu la hidrila. Kufikia mwisho wa 1983 mimea yote iliyozama majini ilikuwa imekwisha. Hao hawakuwa tasa, lakini hawakuhitaji kuzaa. Vinywa vilivyotiwa vilitosha. Maji nayo yakageuka kijani kwa mwani, maana karpi hana tumbo la kuhifadhi chakula na husaga karibu nusu tu ya anachomeza. Inayobaki hutoka ikiwa mbolea.

Kwa hiyo kibali huhesabu vinywa pia: samaki wangapi kwa eneo gani, na wavu gani kwenye mdomo wa bwawa. Ukizidisha, kuwatoa ni shughuli, maana ni waoga, ndoana hawaijali sana, na huishi zaidi ya miaka kumi.

Na aliyekwisha kuwaza kumleta Ziwa Victoria asijisumbue. Gugu maji halimpendezi. Kazi hiyo walipewa fukusi miaka ya 1990.