Fugwe Imebadilishwa Jina, Haijabadilika

“Huu ugonjwa mpya wa Mycosarcoma umeingia lini?” Wakulima wananiuliza, na siku hizi hata maafisa ugani. Haujaingia popote! Ni fugwe ile ile ya mahindi, ugonjwa wa kuvu, vivimbe vyeupe vinavyopasuka na kumwaga unga mweusi. Vitabu viliiita Ustilago maydis tangu karne ya 19, na watafiti wengi bado wanaiita hivyo. Mwaka 2016 wanasayansi walifufua jenasi (kundi la viumbe ndugu) Mycosarcoma, aliyoiunda mtaalamu wa kuvu Brefeld mwaka 1912, wakaihamishia humo.

Sababu ni kwamba kuvu hawa zamani walipangwa kwa kuangaliwa tu: unga unatokea wapi kwenye mmea, umefunikwa na utando au la. Vinasaba vilipochunguzwa, ikaonekana kufanana si undugu. Kwa mfano, fugwe ya suke inayoshambulia mtama na mahindi iliwahi kuitwa Sphacelotheca reiliana. Leo ni Sporisorium reilianum. Sphacelotheca wenyewe wako karibu zaidi na kuvu wanaoleta ugonjwa wa kutu kwenye mimea kuliko na fugwe za nafaka. Kuwaacha kundi moja kungekuwa uzembe.

Kwa hiyo duka likikuuzia “dawa ya Mycosarcoma”, ondoka. Fugwe hiyo ya mahindi haina dawa ya kupulizia ya maana, kwa jina lolote. Usijeruhi mimea wakati wa palizi, usizidishe mbolea ya naitrojeni, chagua mbegu isiyoshambuliwa kirahisi.

Eti fugwe zote ni moja? Hapana. Fugwe ya punje ya mtama, Sporisorium sorghi, husafiri juu ya mbegu, kwa hiyo mbegu iliyopakwa dawa huimaliza vizuri. Ile ya suke hukaa udongoni, na dawa ya mbegu peke yake haitoshi: zungusha mazao.

Eti upulizie masuke ukiona weusi? Umechelewa, hizo mbili huingia mche ukiwa bado mdogo. Ng'oa mmea kabla utando haujapasuka, utie kwenye mfuko, uchome nje ya shamba. Nasema mfuko, tena kila mwaka, na bado naona watu wakiburuta masuke meusi katikati ya mistari.

Eti fugwe ya mahindi ni sumu? Mexico huvila vivimbe hivyo vikiwa vichanga, huviita huitlacoche, na huviuza sokoni.