Una Malalamiko Kuhusu Hadithi za Uchawi? Lalamikia Kitabu, Usimtuhumu Mtu

Kila likizo tunapowahimiza watoto waje kusoma, malalamiko kuhusu hadithi zenye wachawi na majini hurudi. Safari hii yamezidi, na baadhi yametutia wasiwasi.

Juzi mama mmoja aliingia maktabani kwetu na kitabu alichokifunga ndani ya leso, hataki vidole vyake viguse jalada. Bintiye wa darasa la sita alimfuata nyuma, kichwa chini. Mama hakuja kurudisha kitabu tu. Alitaka tumpe jina la mtoto aliyekiazima kabla ya bintiye, kwa kuwa binti ameota ndoto mbaya na "huyo wa kwanza ndiye aliyeacha kitu ndani". Hatukumpa. Jina la msomaji hapewi mtu yeyote, awe mzazi, mwalimu, mchungaji au ustadhi.

Hofu ya kidini hatuidharau. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inakataza kupiga bao, kubashiri na usihiri. Sura Al-Baqara, aya ya 102, inakemea sihiri waliyofundishwa watu wa Babil. Mzazi anayesema mwanawe asisome hadithi hizo ana haki yake, na hadaiwi sababu. Mwambie mhudumu wa kaunta, naye atatia alama kwenye kadi ya mtoto. Lakini kutaka mtoto wa jirani naye anyimwe kitabu, na wewe hujakifungua, hilo hapana.

Tena nirudie, maana kila wiki tunaulizwa kama vitabu hivi vinafundisha uchawi: katika rafu ya watoto hakuna kitabu chenye dawa, hirizi wala kafara. Kuna hadithi. Wanaodai ni njama ya Wazungu wajue kwamba Marekani kwenyewe wazazi wamelalamika kwa miaka mingi. Chama cha Maktaba cha huko kiliorodhesha mfululizo wa Harry Potter, hadithi za mvulana mchawi, kuwa vitabu vilivyopingwa zaidi kati ya 2000 na 2009. Na sisi je? Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, aliwageuza ndugu wawili kuwa manyani, na Adili akalazimika kuwachapa kila usiku. Wasomaji wake walielewa kuwa somo ni husuda.

Bibi akisema "Paukwa!", watoto wakajibu "Pakawa!", hapo kila mmoja ameshajua kuwa tumeingia hadithini. Kitabu hakina wa kumwitikia mtoto. Ndiyo maana nawasihi wazazi: keti naye, muulize yapi ya kubuni na yapi ya kweli. Majibu yake yatakushangaza.

Anayetaka kitabu kichunguzwe hujaza fomu ya malalamiko, nakala mbili, kwa jina lake na namba ya kadi. Ataje jina la kitabu, ukurasa na maneno yanayomkera. "Kitabu chote" si jibu, na fomu ya namna hiyo hurudishwa. Kamati hukisoma kitabu kizima, kisha humjibu kwa maandishi. Muda wote huo kitabu hubaki rafuni. Ukikizuia nyumbani, faini ya kuchelewesha inahesabiwa kila siku. Ukikichoma au kukichana, utalipa bei ya kununua kingine pamoja na gharama ya kukiandaa, na kadi zote za nyumba yako zitasimamishwa hadi deni liishe. Kuombea kitabu si kosa. Kuandika "SHETANI" kwa kalamu ya wino kwenye kurasa zake ni uharibifu.

Wengine hututishia kwa Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ya mwaka 1925. Waisome. Kifungu cha 2 kinamlenga anayejidai kuwa na nguvu za uchawi kwa nia ya kuleta hofu, usumbufu au madhara. Mwandishi wa hadithi hayumo. Anayepaswa kujihadhari ni mwenye kutuhumu, kwa sababu kifungu cha 6 kinafanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa, isipokuwa umepeleka tuhuma hiyo kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka.

Hapa ndipo moyo wangu unaposhtuka. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma hizi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee huko Ganze, kuokoa maisha yao. Tuhuma zile huanza vivi hivi: ndoto, homa, jina la mtu. Leo tungetoa jina la mtoto yule, kesho ni nani angesimama mlangoni kwa nyanyake?

Yule mama alijaza fomu. Kwanza alirudishiwa kwa sababu hakuwa ametaja ukurasa. Basi akaketi na bintiye kwenye benchi la dirishani, akaifungua ile leso, binti akawa anamsomea kwa sauti ya chini. Walipofika kwenye mchawi, mama aliandika: ukurasa wa 41. Fomu iko kwa kamati.