Choo cheusi kama lami: maswali ninayoulizwa nje ya mlango wa ICU

Mimi ni muuguzi wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Maswali haya ya kuvuja damu tumboni nayajibu kwenye benchi la nje, ndugu wakisubiri saa ya kuona mgonjwa. Karibu yote yanafika yakiwa yamechelewa siku tatu, nne.

Sista, huo mfumo wa chakula ukoje?

Ni njia moja tangu kinywani hadi kwenye haja kubwa. Chakula kinashuka kwenye umio, kinaingia tumboni kinakochanganywa na asidi kali, kinapita utumbo mwembamba wenye mita 6 hivi ambako virutubisho vinafyonzwa, kisha utumbo mpana unavuta maji na mabaki yanakuwa choo. Shika mambo mawili tu. Kwanza, ile asidi ingelila tumbo lenyewe kama ukuta wake usingekuwa na ute wa kuukinga. Pili, karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Ute ukiharibika au ini likiziba, ndipo tunapokutana mimi na wewe.

Damu ikivuja ndani nitaionaje?

Ikivuja juu, yaani kwenye umio, tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba, utatapika damu nyekundu, au matapishi ya kahawia yenye chembechembe kama machicha ya kahawa, au utapata choo cheusi. Ikivuja chini, damu nyekundu hutoka na choo. Usijipe mwenyewe jina la bawasiri. Bawasiri ipo, lakini iseme daktari akishaangalia. Na mtu anayetoa damu nyekundu nyingi chini huku anazimia, huenda inavuja juu kwa kasi hata haikupata muda wa kuwa nyeusi.

Choo cheusi si uchafu unatoka? Nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo.

Hapana. Choo cheusi, laini, kinachong'aa na kunata kama lami ya barabarani ni damu. Ni damu iliyokutana na asidi, ikasafiri utumbo mzima, ikageuka rangi. Uchafu hautoki hivyo. Sumu haitoki hivyo. Kurogwa hakutoki hivyo. Inatosha damu ya nusu kikombe cha chai, mililita 50 hadi 100, choo kibadilike. Sasa mtu akiniambia, "Ni cheusi tangu Alhamisi, naenda mara nne kwa siku," ujue hatuzungumzii nusu kikombe tena.

Mke wangu ni mjamzito, anameza vidonge vya kuongeza damu, na choo chake ni cheusi. Naye anavuja?

Vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi cha kuelekea kijani, mara nyingi kigumu, na harufu ni ile ile ya kila siku. Cha damu kinanata kwenye sinki, ukimwaga maji kinang'ang'ania, na harufu yake wodi nzima inaijua kabla sijafunua shuka.

Mama mmoja wa visiwani alinijia na kopo la siagi, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha kanga. Akasita, akasema, "Samahani mwanangu, nimekuja na uchafu." Kilikuwa choo cha mumewe cha asubuhi ile. Nilikipakaza kidogo kwenye pamba nyeupe yenye maji, na pembezoni mwa ule weusi ukatokea wekundu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake akisisitiza kwamba ni maharage. Tulimlaza dakika ile ile. Ukiwa na shaka fanya kama yule mama, usione haya.

Lakini haiumi kabisa. Kwa nini nikimbilie hospitali?

Kwa sababu kuvuja damu hakuumi! Hili nalirudia hadi sauti inakauka. Kidonda cha tumbo kinaweza kuuma miaka mitano bila kuvuja, na kingine kikavuja siku ya kwanza bila kuuma hata kidogo, hasa kwa wazee na kwa wanaomeza dawa za maumivu, kwa kuwa dawa hiyo hiyo inayochubua tumbo ndiyo inayoficha maumivu. Usipime hatari kwa maumivu. Pima kwa rangi ya choo, kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio, jasho la baridi, viganja vyeupe. Choo kama lami, hata usiposikia lolote: hospitali, siku hiyo hiyo.

Nini hasa kinasababisha?

Orodha ni ndefu, lakini wanaojaza vitanda vyangu ni watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa dawa za maumivu. Mgongo unauma, diklofenaki. Goti, diklofenaki. Uchovu wa shamba, diklofenaki na kidonge cha kichwa chenye aspirini juu yake, tumbo tupu, wiki nzima, vimenunuliwa kwa kuhesabiwa mkononi bila hata karatasi ya maelezo. Dawa hizi, pamoja na ibuprofeni na meloksikamu, zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoliambia tumbo litengeneze ute wa kujikinga. Ndiyo maana wanaosema "mimi nachoma sindano, haipiti tumboni" wanajidanganya. Sindano inapita kwenye damu, na damu inafika tumboni. Ute unaisha vile vile. Ukiwa na maumivu anza na parasetamo kwa kipimo chake, na kama unahitaji zaidi ya hapo, unahitaji daktari.

Wa pili ni wa vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria aitwaye H. pylori. Si pilipili wala mawazo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likamvimba kwa ndani, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Vinapimwa, vinatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, vinapona. Omeprazo ya kununua kila ukisikia kiungulia haiwaui bakteria hao.

Wa tatu ni wa ini, na hapa ziwani wengi wao ni wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kichocho cha tumbo kinaingia kupitia ngozi ukiwa majini. Minyoo wanakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanakwenda kunasa kwenye ini, miaka inapita, ini linapata makovu. Damu ikikosa njia inarudi nyuma: bandama linavimba, na mishipa ya umio inatuna kama mpira wa baiskeli uliojazwa kupita kiasi. Siku ikipasuka, mtu anatapika beseni. Pombe kali, gongo ikiwemo, na homa ya ini aina ya B humfikisha mtu pale pale. Prazikwanteli inaua minyoo wa kichocho, lakini ukiimeza baada ya makovu kukomaa umechelewa sana. Watoto wanapewa shuleni. Wewe baba unayelala mtumbwini nani anakupa? Nenda kaulize kituo cha afya.

Mgonjwa anatapika damu nyumbani. Tumpe maziwa?

Msimpe kitu. Si maziwa, si uji, si maji ya magadi, si juisi ya kabichi. Anaweza kupaliwa, kikaingia mapafuni, na tumbo likijaa daktari hawezi kuona panapovuja. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, tafuteni gari au bajaji. Bodaboda hapana: atazimia katikati ya njia. Kusanyeni dawa zake zote mfukoni, na zile za mitishamba pia. Sitawagombeza. Nataka kujua tu.

Zahanati walimpima presha ikawa nzuri na damu wakasema inatosha. Mbona saa mbili baadaye kaanguka?

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Akipoteza moja, moyo unakwenda mbio na mishipa inajikaza ili presha isishuke, hasa kwa kijana. Kwa hiyo mapigo hupanda kwanza. Presha ikianguka, hifadhi imekwisha. Na kipimo cha wingi wa damu saa za mwanzo hudanganya, maana kinachobaki mwilini bado ni kizito kile kile, hakijachanganyika na maji. Presha nzuri pamoja na choo cha lami ni mgonjwa ambaye bado hajaanguka.

Huko ndani mnamfanya nini?

Tunaweka njia mbili nene za mishipa, tunapima kundi la damu, tunampa oksijeni akihitaji, dawa ya kuzuia asidi kwa mshipa, na mpira wa mkojo. Mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa kwenye ule mfuko wa mtu wa kilo 60, namwita daktari, kwa sababu figo ndizo zinazolia mwanzo. Akitulia anaingiziwa mpira wenye kamera, inavyotakiwa ndani ya saa 24, na panapovuja panafungwa.

Ndugu hukasirika tukiacha kuongeza damu kipimo cha wingi wa damu kikifika 7 au 8. "Mjazeni hadi 12!" Kwa mwenye mishipa ya umio iliyotuna, ukimjaza unapandisha msukumo na inapasuka tena. Badala ya kugombana nami dirishani, nendeni mkachangie damu. Nawaona mnavyoanza kupotea mmoja mmoja likitajwa hilo.

Shemeji aliletwa kwa ajali ya kichwa. Mbona mpira wa puani ulioshushwa tumboni unatoa kahawia?

Mwili ukiumia vibaya, damu hupelekwa kwenye ubongo na moyo, tumbo linakosa na ute unachubuka. Aliyeungua, aliyeumia kichwa, aliye kwenye mashine ya kupumua zaidi ya saa 48: hao tunawapa mapema dawa ya kukinga tumbo na kuuangalia huo mpira kila zamu.

Baba anameza aspirini ya moyo. Aache?

Asiache mwenyewe. Amuulize aliyempa. Lakini akipata choo cheusi aje nayo siku hiyo hiyo.

Choo cha baba ni cheusi tangu juzi, ila anakula vizuri. Leo Jumamosi. Tusubiri Jumatatu kliniki ifunguliwe?

Hapana. Dharura haifungwi Jumamosi. Mnyanyueni sasa hivi, asimame taratibu, mmoja amshike mkono, na msimpe chai ya kuondokea.